Fenesi kwa Mwenye Mfenesi

Mwalimu Atuganile alianza kurukwa na akili kwa furaha siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katikati ya kipindi cha hisabati cha darasa la tano, na wapangaji wenzake wa Temeke wanasema mpaka leo hajapona vizuri. Simu ilitetemeka mfukoni mwa gauni. Ulikuwa ujumbe wa Fredrick, dalali: Mzee Salumu kakubali kuuza nyumba. Mwalimu akaweka chaki chini, akawaambia watoto wafunge madaftari, hisabati itakuwepo na kesho. Watoto hawakuamini masikio yao, maana huyu ni mwalimu ambaye hata mvua ikivujia darasani haachi kipindi, anasogeza madawati tu. Yeye akatoka, akaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Usimcheke. Mtu kapanga miaka ishirini na moja. Alikuja Dar kutoka Tukuyu akiwa na cheti cha ualimu na begi moja lenye zipu mbovu, akapanga chumba Temeke, akaolewa na Benson dereva wa malori akiwa humo humo, akamzaa Clara humo humo, akaongeza chumba cha pili, akazeekea humo. Nyumba ya kupanga unaijua wewe. Bomba moja, choo kimoja, luku moja ya umeme na ugomvi wake. Ukikaanga samaki uwani wote wanajua mmekula nini, na usipokaanga wanajua pia. Msumari hugongi ukutani mpaka uombe ruhusa. Wageni wakizidi watatu unaulizwa kama kuna msiba.

Katika miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa na ndoto moja, na wala haikuwa ya ghorofa. Aliota geti. Geti la chuma la rangi ya buluu, lenye kitasa, na ufunguo uwe mkononi mwake, ili akishalifunga uwani abaki yeye na watu wake, asikanyage mtu mwingine. Alikuwa akipita kwa mafundi wa kuchomelea anasimama anapapasa mageti ya watu kama mwenzake anavyopapasa vitenge dukani. Mafundi wa Temeke nzima walikuwa wakimjua kwa hilo.

Nyumba ya Mzee Salumu ilikuwa Kigamboni, ila si ile Kigamboni ya kushuka kwenye pantoni ukakuta chipsi. Hii ni ya ndani, mtaa wa Kichangani, unakoacha lami, ukaacha na maduka, ukafika mahali kuku wanakatiza njia bila haraka na mtu akikupita anakusalimu hadi habari za watoto usiokuwa nao. Si mji, si shamba. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati lililopauka, baraza la saruji, uzio wa michongoma, na nyuma ya nyumba mfenesi mnene uliobeba kuanzia shinani mpaka juu. Mzee Salumu alikuwa mjane aliyeshindwa na magoti yake, akawa anahamia kwa binti yake Kawe. Fredrick alimzungusha Mwalimu kila pembe, akanyoosha mkono na kusema, "Kila unachokiona ndani ya michongoma hii, madam, ni chako."

Na Fredrick hakudanganya kwa kusudi. Yeye ni mtu wa Moshi, na kwao ukinunua shamba unanunua na migomba yake. Tukuyu nako ni hivyo hivyo. Hakuna mtu wa milimani aliyewahi kusikia kwamba udongo unaweza kuuzwa na mti uliosimama juu yake ukabaki wa mtu mwingine. Kwa hiyo dalali akasema, mnunuzi akaamini, na hakuna aliyeuliza.

Basi furaha ikamshika mtu. Jioni ile ile, kabla hajasaini hata karatasi moja, Mwalimu akamfuata mama mwenye nyumba wake akamwambia mwisho wa mwezi anahama. Alisema kwa maringo ambayo alikuwa ameyaweka akiba miaka ishirini na moja. Mama mwenye nyumba akamtakia heri, na kesho yake akaja mama mmoja na utepe, akasimama katikati ya chumba cha Mwalimu kupima dirisha kwa ajili ya mapazia. Benson akapigiwa simu huko Tunduma.

"Mama Clara, umetoa notisi kabla ya mkataba?"

"Mkataba ni Jumatano ijayo, baba. Kimebaki kuweka kidole tu."

"Haya," akasema Benson, ambaye alikwisha kujua kwamba mkewe akifurahi hashikiki.

Jumamosi Mwalimu akaenda Kichangani kufagia. Mzee Salumu alimruhusu, akamwachia uwanja, mwenyewe akaenda msikitini kwa sala ya adhuhuri. Mwalimu akafagia uwa ule mara mbili, pasipo na uchafu, kwa raha tu ya kufagia mahali ambapo hakuna zamu. Alipofika nyuma ya nyumba harufu ikampiga. Fenesi moja lilikuwa limeiva chini kabisa ya shina, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, linanukia mpaka njiani. Akakumbuka mama yake aliyemfundisha kwamba kwa jirani mgeni huendi mikono mitupu. Akalikata, akasokota kanga kuwa ngata, akajitwika, akatoka nalo hadi nyumba ya pili, kwa Bi Zubeda, mama wa makamo ya bibi ambaye alikuwa amekaa mkekani barazani akichambua mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu mwanangu, karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo? Wa kwako hawajambo?"

Wote hawakuwa na jambo. Mwalimu akalitua fenesi mbele yake, jasho linamtiririka na meno yote nje. Akajitambulisha kwamba yeye ndiye jirani mpya, ananunua kwa Mzee Salumu, na amesema asije mikono mitupu. Bi Zubeda akalitazama lile fenesi. Akalipigapiga kwa kiganja, akainama akalinusa kwenye kikonyo.

"Zuri," akasema. "Umelinunua wapi?"

"Kununua tena, mama? Hili la kwangu. Limetoka kwangu hapo nyuma. Na yapo mengine, wewe ukitaka siku yoyote sema tu, usione haya."

Bi Zubeda akarudisha vidole kwenye ungo, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa. Kisha akasema ahsante, Mungu akuzidishie, akamletea kahawa na kashata, wakaongea habari za mvua. Mwalimu akaondoka miguu haigusi chini. Njiani alimpigia Clara chuoni akamwambia kwamba majirani wa Kichangani ni watu wa peponi.

Mtu wa bara angesema palepale. Lakini Bi Zubeda ni mzaliwa wa pwani, na kwake mgeni aliyekuja na kitu kichwani haaibishwi barazani. Neno kama hilo lina mahali pake pa kusemewa, na yeye alikuwa anapajua.

Jumatano wakakutana ofisi ya serikali ya mtaa. Kichangani nyumba haiuzwi na watu wawili. Jirani wa kila mpaka anaitwa, anaulizwa kama ana neno, akisema hana anasaini, na asiposaini hata mmoja mwenyekiti hagongi muhuri. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Mzee Salumu alisaini. Fundi baiskeli wa upande wa kusini akasaini, imamu akasaini kwa ajili ya kiwanja cha msikiti, na upande wa magharibi ni njia. Akabaki Bi Zubeda. Mwenyekiti, Bwana Anwar, akamsogezea kalamu kwa adabu, na yeye akaiacha mezani.

"Mie na mauzo sina neno," akasema. "Salumu namjua tangu anatambaa. Auze, akapumzike kwa mwanawe. Huyu jirani ndiye ninayetaka kumwelewa. Jumamosi kaniletea zawadi."

"Si jambo jema hilo, Bi Zubeda?" mwenyekiti akauliza.

"Jema sana. Kaniletea fenesi. Kanambia la kwake. Tena kanambia na mie nikitaka nikamwombe, nisione haya."

Mwenyekiti akaweka mkono kinywani. Fundi baiskeli akageukia dirishani na mabega yakaanza kumtikisika. Mzee Salumu akasema lahaula kwa sauti ndogo, akajifuta uso kwa kofia yake. Mwalimu Atuganile aliwatazama wote mmoja mmoja, bado anatabasamu, maana hakuwa ameelewa kitu.

"Mwalimu," mwenyekiti akamwambia polepole, "ule mfenesi ni wa Bi Zubeda."

Ndipo akaelezwa. Zamani kiwanja kile kilikuwa cha baba yake Bi Zubeda. Aliuza ardhi kwa baba yake Salumu, mti hakuuza. Mtaa mzima unajua, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kusema, kama vile humwambii mtu kwamba jua linatoka mashariki. Kila msimu Bi Zubeda huingia, hupigapiga mafenesi yake kujua yaliyoiva, huvuna, humwachia Salumu moja. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, na hata hiyo ardhi ilikuwa bado si yake. Alimchukulia mtu mali yake, akambebea kichwani, akampa kwa hisani, na akamruhusu kuja kuomba zaidi.

Bi Zubeda akanyanyuka, akajitanda vizuri, akaaga kila mtu kwa jina. Kalamu ikabaki ilipo. Mwenyekiti akasema watakutana tena Jumamosi, na Mzee Salumu akasema kwa unyonge kwamba Jumapili binti yake anakuja kumchukua. Kama hawajaandikishana, nyumba itafungwa mpaka watoto wake saba wakae kikao. Kikao cha watoto saba unakijua. Na Temeke yule mama wa mapazia alikuwa ameshashonesha.

Fredrick alimfuata Mwalimu nje akamwambia kuna namna, anaweza kumtafutia shahidi mwingine wa mpaka, ishu ndogo. Mwalimu akamtazama kwa jicho analowatazamia watoto wanaonakili majibu, na Fredrick akakumbuka ana mteja mahali fulani. Benson alipopata habari alicheka mpaka ikabidi aegeshe lori. Alicheka, akanyamaza, akacheka tena. Mwishowe akasema, "Sasa si uununue huo mti?" Mwalimu akaona hilo ni wazo la mwanamume mwenye busara, na Ijumaa jioni akaenda tena kwa Bi Zubeda, safari hii hana kitu kichwani.

Aliomba radhi kwanza, na aliomba kwa moyo wote. Bi Zubeda akasema yamekwisha. Kisha Mwalimu akauliza kama mti unauzwa.

"Mwanangu," akasema Bi Zubeda, "wewe mtu akija akitaka kununua sikio lako, utamtajia bei?"

"Hapana, mama."

"Basi keti."

Akaketi. Bi Zubeda akamsimulia kwamba miti ilikuwa mitatu. Baba yake aliipanda mitatu, kila mmoja kwa mtoto wake, na ndugu zake wawili walishatangulia, hivyo yote ni yake. Mmoja upo nyuma ya ukuta wa bwana mmoja wa benki. Mwingine upo kwa watu wasioonekana, wana walinzi. Wote wakati wa kununua walimwita mama, walimwambia njoo wakati wowote, mti ni wako. Wakajenga kuta. Sasa akitaka fenesi lake anapiga kengele, mbwa anabweka, dada wa kazi anatoa jicho kwenye tundu anamwambia bosi hayupo.

"Yanaiva humo yanaanguka yanaoza," akasema. "Mie napita njiani nasikia harufu ya mali yangu. Huo wa kwa Salumu ndio umebaki. Nilipokuona na fenesi kichwani nikasema, huyu hata ukuta hajajenga na mti ameshauchukua."

Bi Zubeda akamwangalia usoni.

"Niambie kweli. Utafunga?"

Hapo palikuwa pepesi sana kusema uongo. Neno moja tu la karibu wakati wowote, mama, na kesho yake angesainiwa. Lakini Mwalimu Atuganile ana ugonjwa wa kushindwa kudanganya akitazamwa machoni, ugonjwa ambao umemgharimu vyeo viwili.

"Nitafunga, mama," akasema. "Nimelala miaka ishirini na moja uwani kwa watu. Naoga huku mtu anagonga mlango. Naota geti. Nimeshalichagua, la buluu. Nikikwambia sitaweka geti nitakuwa nakudanganya."

Bi Zubeda akaanza kucheka. Alicheka cheko la ndani, la tumbo, mpaka ungo ukamtoka mapajani na mchele ukamwagika mkekani. "Alhamdulillahi," akasema akijifuta macho. "Angalau huyu ananifungia huku ananitazama."

Mwalimu naye akacheka, maana kicheko kile kilikuwa hakizuiliki, na wakaanza kuokota mchele pamoja. Na katikati ya kuokota, punje mkononi, wazo likamjia, na lilipomjia moyo ulimuuma, tusifichane. Geti la ndoto yake lilikuwa na ufunguo mmoja tu.

"Kitasa kinakuja na funguo tatu," akasema. "Mmoja wa Benson, mmoja wangu. Wa tatu uwe wako. Usipige kengele, usiombe. Uingie kwa ufunguo wako mpaka kwenye mti wako."

Bi Zubeda aliacha kuokota. "Na ukifa? Na ukiuza?"

"Tuandike."

"Wale nao walisema."

"Walisema, mama. Hawakuandika. Mimi kazi yangu ni kuandika ubaoni, na huwa sifuti mpaka kila mtu anakili."

Jumamosi wakarudi ofisini. Mwalimu aliomba kalamu, akaongeza sehemu ya mwisho ya mkataba kwa mwandiko wake ule wa duara wa kufundishia darasa la kwanza: kwamba mfenesi ulio nyuma ya nyumba ni mali ya Bi Zubeda na warithi wake, kwamba njia ya kuufikia haitazibwa na mnunuzi wala atakayenunua baada yake, na kwamba ufunguo mmoja wa geti utakaa kwa Bi Zubeda siku zote. Akaandika nakala nne, moja ya Bi Zubeda mwenyewe. Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Imamu akasema hii ingeandikwa tangu zamani. Fundi baiskeli hakugeukia dirishani safari hii, alimtazama Mwalimu kwa heshima kidogo. Bi Zubeda akaomba isomwe tena sehemu ya ufunguo, ikasomwa tena, akaitaka na mara ya tatu, kwa utamu tu, kisha akasaini jina lake lote na la baba yake. Muhuri ukagongwa. Mwalimu akamkumbatia Mzee Salumu, akamkumbatia mwenyekiti, akamkumbatia na Fredrick aliyekuwa ameketi mbali, na alipofika kwa imamu akajizuia kwa shida, akampa salamu.

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuhamia nyumba kwa kelele namna ile. Alifika na kigari cha kirikuu kilichojaa vyombo, kabati limefungwa kamba, geti la buluu limelazwa juu, na yeye kaketi juu ya geti kanga imepeperuka, anawapungia watu wasiomjua kuanzia darajani mpaka Kichangani. Benson alichukua likizo. Fundi akalisimamisha geti siku ile ile, saruji bado mbichi, wakaliegemeza kwa mbao. Mwalimu alilifunga na kulifungua mara kumi na moja, Benson alihesabu. Aligonga misumari ukutani ambayo haikuwa na kitu cha kutundika. Aliimba kwa sauti nyimbo za kwaya akiwa anaoga, akarudia na beti zote, na hakuna aliyegonga mlango. Kisha akatoka na ufunguo wa tatu kafunga kwenye utepe, akaupeleka kwa Bi Zubeda kwa mikono miwili.

Siku ya nne, asubuhi, Benson kaenda kufuata lori, Mwalimu alikuwa jikoni anakuna nazi. Geti likalia, kitasa kikazunguka, mtu kaingia. Halafu hatua zikasimama hapo hapo mlangoni mwa uwa, hazikwenda kwenye mti.

"Hodi."

Mwalimu akaendelea kukuna nazi.

"Hodi jamani."

Akaendelea kukuna. Kule Temeke hodi ya getini haikuwahi kuwa yake kuitikia. Anaitika mama mwenye nyumba, anatoka anamkagua mgeni, anaamua kama aingie. Mikono ya Mwalimu ilikuwa imeshazoea kuendelea na kazi na masikio kusubiri sauti ya mwenyewe.

"Hodi, wenyewe," akaita Bi Zubeda mara ya tatu, ufunguo wake mkononi na uwa wote uko wazi mbele yake. "Wenyewe hawapo?"

Mbuzi ya nazi ikasimama. Mwalimu Atuganile akanyanyuka na machicha vidoleni, akatoka uwani.

"Nipo," akasema. "Nipo, mama. Karibu."